Sala za Byamungu Kwenye Kamera

Mmeniuliza, vijana, nilikuwa nafanya kazi gani huku Sweden mpaka nikastaafu. Nilikuwa nalipwa kuangalia watu wazima wasilale.

Msicheke. Nilikaa mbele ya skrini kwenye machimbo ya mawe kusini mwa Stockholm, nikiangalia nyuso za madereva wa madampa. Dampa ni lile lori la machimboni ambalo gurudumu lake linanipita kimo, na mimi si mfupi. Linabeba mawe yaliyolipuliwa kwa baruti, linayapandisha kutoka shimoni mpaka kwenye mashine ya kusaga. Kokoto iliyo chini ya barabara mnazopita na mabasi yenu, nyingi ilitoka kwetu. Dereva wa dampa akipitiwa na usingizi kwa muda wa kupiga chafya mbili, gari limeshatembea urefu wa jengo. Hapo ndipo nilipokuwa naingia mimi.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Mimi ni Mama Zuhura wa Vårby gård, mzaliwa wa Ujiji. Shule niliiacha darasa la nne na sikuirudia. Haya nayaandika kwa mkono wangu, binti yangu Zuhura ananipigia chapa tu, na nimemwambia akigusa neno langu hata moja atajipikia mwenyewe mwezi mzima. Vyeti vyangu vyote nilivipata nikiwa na miaka arobaini na kitu, kwa Kiswidi cha kuokoteza vibandani. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia kozi ni ngumu.

Machimboni niliingia na ndoo na fagio. Nilikuwa nasafisha kibanda cha wafanyakazi, pale wanapovulia viatu na kunywa kahawa. Mtu wa usafi anajua mengi. Nilijua nani ana mke mkali na nani hanawi mikono, na nilijua nani hakulala jana, kwa sababu aliyekosa usingizi anatia sukari kwenye kahawa, anasahau, anatia tena. Siku moja nikamwambia Pentti, mzee wa Kifini aliyekuwa dereva mkongwe kuliko wote pale:

"Yule mwenzako wa meza ya dirishani asiendeshe leo."

"Umejuaje?"

Nikamwonyesha kikombe. Sukari imelala chini kama uji. Pentti hakusema neno, Wafini hawana maneno, akaenda akamnyang'anya mwenzake ufunguo. Kesho yake akaniuliza kama nina leseni ya gari. Nikasema ninayo, ya gari dogo. Akasema kubwa ni kama dogo, tofauti ni kwamba ukikosea wanaandika gazetini. Ndivyo nilivyoanza. Nilisoma kozi mwaka mzima, ndoo naishika asubuhi, usukani mchana, na mtihani nikaupita mara ya pili. Ya kwanza nilianguka kwa sababu nilibishana na mtahini. Nilikuwa sahihi.

Kosa langu la kwanza nikiwa dereva lilikuwa ugali.

Nilikuwa nabeba chakula changu kutoka nyumbani, ugali na dagaa, maana mkate wao mgumu sikuwahi kuuheshimu. Waswidi wanakula chakula cha mchana saa tano na nusu, mtu hata njaa hajaijua. Nikala nikashiba kweli kweli, nikapanda garini. Hita inapuliza miguuni, kiti kinabembea, nje theluji nyeupe kila upande kama shuka. Nakumbuka nikipakiwa mawe. Nakumbuka nikimwaga. Katikati hapo, kona tatu na mlima mzima, sikumbuki chochote mpaka leo.

Nilimsimulia Pentti kama mtu anayesimulia maajabu. Hakucheka.

"Hukuendesha wewe," akasema. "Umebebwa."

Halafu akanipa amri mbili, na ninyi mnaokwenda kushika magari makubwa zichukueni bure. Chakula ule nusu, nusu nyingine uiweke mpaka saa nane. Na hita usiielekeze miguuni, ielekeze usoni ikuudhi. Joto la miguuni linabembeleza kama bibi. Joto la usoni linakera, na mtu aliyekereka halali.

Kahawa Pentti hakuiamini. Alisema mwenye usingizi kidogo inamwamsha, mwenye usingizi mwingi inamwongezea mkojo tu. Alichoamini ni alama za matairi. Asubuhi theluji mpya ikishadondoka, baada ya mzunguko wa kwanza, alikuwa anasimama ukingoni mwa njia akisoma chini kama mtu anayesoma barua. Dereva aliye macho anarekebisha usukani kidogo kidogo bila kujua, mstari wake umetulia. Anayesinzia anaacha, anashtuka, anavuta. Alama yake inakwenda kama mtu aliyetoka kilabuni.

Na kwenye redio hakuuliza "uko macho?" Swali hilo kila mtu anajibu ndiyo, hata maiti. Yeye aliuliza, "Jana ulikula nini?" Aliye macho anakasirika: inakuhusu nini? Anayesinzia anajibu, "Ndiyo." Swali hilo nimelitumia miaka yangu yote. Siku moja nikaona zamu yangu imefika, nikamuuliza yeye mwenyewe. Redio ikanyamaza, ikanyamaza, kisha akasema, "Viazi." Mfini anakula viazi kila siku ya Mungu, kwa hiyo mpaka leo sijui alikuwa amelala au la.

Kamera zilikuja miaka ya elfu mbili na kumi ilipokuwa inaanza. Pentti alikuwa ameshaondoka, na mimi mgongo ulikuwa umekataa kiti cha dampa. Mkuu wetu, Gunilla, mama mwenye sauti ndogo ambaye hakuwahi kupiga kelele na hakuwahi kuhitaji, akaniita ofisini.

"Wewe unajua kumtambua mtu mwenye usingizi," akasema. "Sasa utafanya hivyo umekaa."

Kamera yenyewe ni kitu kidogo, inatosha kiganjani, inakaa mbele ya dereva juu ya vioo vya saa za mwendo na mafuta. Inaangalia kope. Kope zikifungwa zaidi ya inavyotakiwa, kiti kinatetemeka, kengele inalia masikioni mwake, na kipande cha picha kinakuja kwenye skrini yangu. Mimi nakitazama, naandika kwenye kisanduku: usingizi, au kitu kingine. Mashine inajua kwamba macho yamefumba. Haijui kwa nini. Mshahara wangu wote ulikuwa kwenye hiyo "kwa nini".

Kitu kingine kilikuwa kingi. Waswidi wana ugoro wao wa kubana chini ya mdomo. Dereva anainama kutafuta kikopo, kamera inapiga yowe kwamba amekufa. Jua la baridi linakaa chini, linampiga mtu usoni, anakunja macho, kengele. Mmoja alikuwa akiimba nyimbo za mapenzi humo garini, na akifika kwenye sauti ya juu anafumba macho kwa uchungu. Kengele. Nikamwambia aimbe nyimbo za sauti ya chini. Mwingine aliziba kamera kwa bigijii aliyoitafuna, nikamwita kwenye redio, "Mbona leo uso wako una rangi ya waridi?" Akaibandua. Hawakupenda kuangaliwa, na sikuwalaumu. Lakini kati ya kuchukiwa na kuhudhuria maziko nilishachagua.

Sasa niwaambie habari ya Byamungu, maana ndiyo niliyokaa chini kuiandika.

Byamungu alikuwa Mkongomani wa Bukavu, anakaa Rinkeby. Mtu mkubwa, shingo nene, kicheko cha kuamsha ghorofa. Alikuwa amekaa miaka minne kwenye kozi za Kiswidi na kozi za kutafuta kazi kabla hajapata kiti cha dampa. Asubuhi alipanda treni ya laini ya buluu, akabadilisha mjini, laini nyekundu, kisha basi, na bado alifika kabla yetu tuliokaa karibu. Pale machimboni waliojua Kiswahili tulikuwa wawili tu, yeye na chake cha Kivu, mimi na changu cha Ujiji. Saa ya fika, yale mapumziko yao ya kahawa, tulikaa meza moja.

Wiki ya kwanza ya kamera jina lake lilijaza skrini yangu. Kengele na kengele. Nikamwekea kikao pale mezani.

"Papa Byamungu, unalala kazini?"

"Mimi? Mama Zuhura, uko naniaibisha mbele ya watu."

"Kamera inasema umefumba macho kila ulipopakiwa mawe. Kila mara. Tangu asubuhi."

Akaweka kikombe chini, akaanza kucheka.

"Ile haiko usingizi. Niko naomba! Gari ikishajaa, mbele ya kupanda mlima, naomba Bwana anifikishe juu. Utapandisha mawe yote ile bila kuomba?"

"Na lazima ufumbe macho? Mungu wako hakuoni mpaka ufumbe?"

"Ninyi je?"

"Sisi Waislamu tunasali macho wazi."

"Ndiyo maana mnaona mambo ya watu wote!"

Tulicheka mpaka Waswidi wakageuka. Hawakujua tunacheka nini, na kuwaeleza kungechukua fika nzima.

Nikaenda kwa Gunilla. Nikamwambia huyu halali, huyu anasali. Akafikiri.

"Gari linakuwa limesimama?"

"Limesimama, linapakiwa."

"Basi andika hivyo."

Tangu siku hiyo kikija kipande cha Byamungu niliandika kwenye kisanduku: sala. Katika machimbo yote ya nchi hii nadhani ni sisi tu tuliokuwa na neno hilo kwenye orodha.

Hapa ndipo kosa langu linapoanza, na sitalipaka asali.

Mwanzoni nilikuwa naangalia kila kipande mpaka mwisho. Baadaye nikawa naona jina tu, naandika sala, naendelea na wengine. Ikaja baridi, vipande vikaongezeka. Vingine vilikuwa vya kwenye foleni ya kumwaga. Nikasema anaombea kumwaga. Kimoja kilikuwa kwenye njia ya tambarare, gari linatembea. Nikasema kamera imekosea, ni jua. Hapakuwa na jua. Ilikuwa Januari, wiki ya mawingu matupu.

Mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimemdhamini mbele ya mkuu, kwa mdomo wangu. Tena kulikuwa na mmoja pale aliyewahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama ni kweli kwamba kwetu watu wanalala mchana kwa sababu ya joto. Sikutaka apate jibu kutoka kwa Byamungu. Nikawa namlinda mtu wetu. Nilidhani namlinda.

Februari, saa nane mchana. Nilikuwa nakula ile nusu yangu ya pili. Kipande kikaingia, jina la Byamungu, nikapeleka kidole kwenye kisanduku hata sijatazama. Redio ikalipuka. Ni dereva wa mashine ya kupakia mawe kule chini, anapiga kelele kwa Kiswidi, simama, simama, simama.

Nikaenda dirishani. Kwenye njia ya kupanda, upande wa shimo, sisi tulikuwa tunaweka tuta la mawe, urefu wa nusu gurudumu, ili gari likikosea lipate kitu cha kugonga. Dampa la Byamungu lilikuwa limepanda gurudumu la mbele juu ya tuta, pua inatazama juu, limesimama. Upande wa pili wa tuta ni shimo mpaka chini kwenye dimbwi la maji. Mawe mawili yakadondoka kutoka kwenye bodi, yakaenda. Sauti yake ilichelewa kufika.

Hakuna aliyeumia. Gunilla akafunga njia, akaniambia kwenye redio nimwandalie kile kipande, anakuja. Lakini Byamungu alifika kabla yake. Aliingia na viatu vyenye tope kwenye sakafu niliyowahi kuisafisha mimi, akafunga mlango.

"Mama Zuhura. Sema nilikuwa naomba."

"Ulikuwa unaomba?"

"Nilianza kuomba."

"Ukamalizia wapi?"

Akaangalia viatu vyake.

"Sijui. Kiti ilitetemeka, nikafungua macho, nikaona mbingu tu."

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya skrini.

"Miaka mine, Mama. Miaka mine niko nakaa kwa kozi na watoto wa miaka makumi mbili, tuko najifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Wakinitoa hapa, sitapata ingine. Wewe ndiye unaandika. Ni wewe tu."

Na kweli ilikuwa ni mimi tu. Gunilla angeamini chochote ambacho ningeandika, sala ilikuwa imeshazoeleka. Gari lilikuwa linatembea, ndiyo, lakini ningeweza kusema alichelewa kumaliza sala, angepewa karipio, aambiwe asali akiwa amesimama, yakaisha. Nilimwambia atoke nje, anywe maji. Nikafungua kile kipande na safari hii nikakitazama.

Kitu ambacho sikuwa nimekiangalia miezi yote ile ni midomo. Byamungu akisali midomo inacheza. Haraka, kama mtu anayetafuna njugu. Kwenye kipande cha siku ile midomo ilicheza kidogo, ikapunguza, ikalegea, taya likashuka. Nikarudi nyuma kwenye kile cha jana yake. Midomo imetulia. Cha juzi. Imetulia. Nikarudi mpaka Desemba. Zaidi ya nusu ya sala nilizomwandikia mtu yule hakuwa amezisali.

Kama kuna mmoja wenu atakayekaa siku moja mbele ya skrini ya namna hiyo, aangalie midomo. Macho yanafumba kwa sababu nyingi. Mdomo wa mtu aliyelala ni mmoja.

Gunilla alipoingia nilikuwa nimevipanga vyote.

"Huu ni usingizi," nikamwambia. "Na huu. Na huu. Na aliyeandika sala ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mtu wetu."

Alivitazama vyote, mpaka cha mwisho, bila kukaa.

"Leo angekufa akiwa mtu wenu," akasema, kwa ile sauti yake ndogo.

Akaniandikia onyo. Nikatia saini, nikarudi kwenye kiti changu, maana madereva wengine walikuwa bado wanazunguka. Byamungu alishushwa kwenye gari mchana uleule, akaambiwa haendeshi mpaka daktari aseme. Alipita mbele ya dirisha langu na mfuko wake wa chakula. Hakugeuka.

Wiki ile sikulala vizuri. Nacheka nikiandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa ninyi mnajua habari zinavyosafiri kwenye mji huu. Zinapanda treni bila tiketi. Jumamosi nilikwenda Rinkeby kununua unga na dagaa, duka lilelile la siku zote. Mama muuzaji, ambaye huwa ananichagulia dagaa kwa mkono wake, alinipimia bila kunisalimia. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika:

"Ni huyu. Mama Mwislamu aliyemfukuzisha Papa Byamungu kazi, sababu alikuwa anaomba."

Mnanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Lakini ningejibu nini? Ningesema hakuwa anaomba, alikuwa analala, ningekuwa nimemvua mtu mzima nguo mbele ya wanunuzi wa unga. Nikachukua mfuko wangu, nikapanda treni. Duka lile sikulikanyaga tena mpaka majira yalipobadilika. Nilinunua dagaa Tensta, wamejaa mchanga.

Jumapili moja mwezi wa tatu mlango wangu ukagongwa. Mama Neema, mke wa Byamungu. Ametoka kanisani, nguo za kanisani, amevuka mji mzima. Nikamkaribisha ndani, akakaa na koti lake. Mtu akikaa na koti huku ujue hajaja kunywa chai. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Mama Zuhura, nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Ulijua namna gani?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba analala. Mimi niko nasema miaka mbili, hakuna mtu anasikia. Huyu mutu usiku hapumui. Anakoroma, anakoroma, halafu anakata. Kimya. Nahesabu. Namupiga kiwiko, anavuta hewa kama mutu anatoka kwa maji. Asubuhi anaamuka, 'Ah, nimelala vizuri sana!' Yeye ndiye amelala. Mimi niko namufufua."

"Umemwambia?"

"Anasema niko naota."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimekaa na kikombe cha sukari mbele yangu majira yote ya baridi na sikukitazama. Haukuwa uvivu wala joto la kwao. Mtu yule alikuwa hajalala usingizi wa kweli kwa miaka, na yeye mwenyewe hakuwa na habari.

"Alipokwenda kwa daktari, yeye alisema nini?" nikauliza.

"Amesema yuko muzima. Amesema alichoka tu siku ile moja."

"Hawezi kusema zaidi. Mtu akilala hana ushahidi wa usingizi wake. Shahidi ni wewe."

Nikamwita Zuhura. Tukakaa mezani watatu, Mama Neema anasema, mimi nauliza: anakata kwa muda gani, mara ngapi, kichwa kinamuuma asubuhi, anasinzia kanisani? "Kwa mahubiri tu," akasema, "lakini hapo wanasinzia wote." Zuhura akaandika yote kwa Kiswidi kizuri cha shule. Karatasi moja, pande mbili. Mama Neema akaikunja, akaitia kwenye Biblia yake. Kisha akasimama, akavua koti.

"Chai iko?" akauliza.

Ile karatasi aliipeleka mwenyewe, akaiweka mbele ya daktari, mumewe amekaa pembeni anaangalia dari. Walimfunga nyaya, wakamlaza hospitali wakamsikiliza. Koo lilikuwa linajifunga akilala, pumzi zinakatika, ubongo unaamka kumwokoa, usiku kucha, bila yeye kujua. Dawa yake ni mashine ndogo ya kupuliza hewa, na mpira unaoingia puani. Nilisikia kwamba siku ya kwanza aliikataa, akasema hatalala na mkewe akiwa na mkonga wa tembo. Mama Neema akamwambia achague, mkonga au sebuleni. Akachagua mkonga.

Karatasi za kumrudisha kwenye usukani zilichukua muda, mnaijua nchi hii. Alirudi Septemba.

Asubuhi hiyo saa ya fika sikujua nikae wapi, nikakaa meza yetu. Yeye akakaa ya dirishani na Waswidi, akanipa mgongo. Sikumlaumu. Niliona tu kwamba shingo yake ilikuwa imepungua, na kahawa yake alitia sukari mara moja, akakoroga, akanywa.

Dereva anayerudi baada ya mambo kama hayo, siku ya kwanza nilikuwa na ruhusa ya kufungua kamera yake nimtazame moja kwa moja, bila kungoja kengele. Nikaifungua. Alikuwa chini shimoni, mashine inampakia mawe, gari linatikisika kwa kila jiwe, na uso wake unatikisika kwenye skrini yangu. Jiwe la mwisho likaingia. Mashine ikapiga honi ya kumwambia tayari.

Nikangoja afumbe macho. Kidole changu kilikuwa kwenye kisanduku.

Hakufumba. Aliikodolea kamera macho yote mawili kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, na midomo ikaanza kucheza. Haraka, kama anatafuna njugu. Ilikuwa sala ndefu. Hakuondoa macho kwangu hata mara moja, na mimi sikuondoa yangu.

Nikachukua redio.

"Papa Byamungu. Jana ulikula nini?"

Midomo ikamaliza kwanza. Ikasema amina, niliiona. Kisha akashika redio yake.

"Inakuhusu nini, Mama Zuhura?"

Nikamwambia apande.